Shaaban Robert, Muyaka, Kezilahabi: sifa zao ni halali au tumekaririshwa?

Huu ubishi hauishi, mtu anakuja anasema fasihi yetu ya zamani inasifiwa kupita kiasi, eti hakuna mtu mzima anayerudi kusoma Kusadikika ya Shaaban Robert kwa hiari yake, alafu mwingine anamjibu kwa hasira kwamba vijana wa saivi hawawezi kusoma kitu kirefu kuliko meseji ndo maana hawaoni utamu, basi wanagombana hadi wanachoka na katika muda wote huo hakuna hata mmoja aliyetaja ukurasa, au ubeti, au japo sentensi moja ya hao wanaowagombania. Inaniuma kwa kweli, maana hivi vitabu mi navipenda, na naona wote wawili wanavionea, yule anayevitupa vyote na yule anayevitetea vyote.

Mi ninavyoona sifa haiji kwa kundi. Huwezi kusema "vitabu vya zamani" alafu ukamweka Muyaka, mshairi wa karne mbili nyuma, na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert na Rosa Mistika ya Kezilahabi kwenye fungu moja ukawapa maksi moja. Inabidi uchukue kimoja kimoja, na swali la kwanza la kuuliza ni nani alikibeba mpaka kikakufikia wewe leo, kilibebwa na silabasi, au kilibebwa na watu ambao hamna aliyewalazimisha?

Silabasi tuimalize haraka maana kila mtu anaijua. Aliyesoma Tanzania miaka ya karibuni ukimtajia Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe, Kilio Chetu, anaanza kukutajia dhamira, ujumbe, falsafa, mtazamo, mandhari, hata kama kitabu chenyewe hakukifungua, alisoma madesa, yani notsi za kukariri. Akifika advansi, yani kidato cha tano na sita, anakutana na Kufikirika na Vuta N'kuvute na Kwenye Ukingo wa Thim, napo ni vilevile, hoja sita na mifano yake, basi. Kenya nako setibuku zinabadilika kila baada ya miaka kadhaa na kitabu kikishaingia kwenye orodha nchi nzima inakinunua, kikitoka kinapotea madukani kama hakikuwahi kuwepo. Sasa kitabu ambacho umaarufu wake umetoka hapo huwezi kujua kama ni kizuri au kibaya kwa kuangalia watu wangapi wanakijua, kwa sababu walikijua kwa amri. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi mfano, ile ni riwaya tamu mno, Zanzibar ya miaka ya 50, Yasmini anamkimbia mume aliyeozeshwa, ina mapenzi ina siasa ina mtaa mzima unaonusa, lakini nimekutana na watu waliopata alama nzuri kwa kuichambua wanaiongelea kama vile ni somo la uraia. Hapo kitabu hakina kosa.

Tuje kwa Muyaka, maana kwangu huyu ndo kipimo chenyewe.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alikuwa mtu wa Mombasa, anakadiriwa kuishi kati ya 1776 na 1840 hivi, wakati Mombasa iko chini ya ukoo wa Mazrui na Seyyid Said, sultani wa Omani, anaitaka, na Muyaka alikuwa upande wa Mazrui kwa ulimi wake wote. Wakati ule shairi lilikuwa silaha, watu wa Lamu wanatunga, watu wa Mombasa wanajibu, Zahidi Mngumi wa Lamu anarusha beti na Muyaka anarudisha, na vita kweli vipo nyuma yake, vita vya Shela, Lamu ikipigana na Mombasa, na yaliyofuata. Lakini si siasa tu, mtu huyohuyo anatunga juu ya mapenzi, juu ya mwenzie aliyemgeuka, juu ya ukata, juu ya bahari, mafumbo ambayo mpaka leo wataalamu wanayabishania. Wasomi wengi wamesema yeye ndo aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni na mi nakubaliana nao, kabla yake (nikimaanisha hiki kilichotufikia) sehemu kubwa ni tenzi za dini na mawaidha, kwake unasikia mtu amesimama barazani anaongea na jirani yake.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Mombasa ilianguka mikononi mwa Seyyid Said 1837, upande aliokuwa anautetea Muyaka ukashindwa, yeye akafa baada ya muda mfupi. Hakuwa na kitabu. Hakukuwa na mchapishaji wala shule wala mtihani wowote uliokuwa unamtaka mtoto wa Mombasa amjue Muyaka, na watawala wapya hawakuwa na sababu yoyote ya kumtangaza mtu aliyewatukana. Lakini karibu miaka 50 baadaye bado mashairi yake yapo, yamo vichwani mwa watu, yanasemwa, na ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipoyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, alafu makaratasi yale yakaishia London, yako SOAS, chuo kikuu cha kulekule, mpaka leo. Mwingereza William Hichens akayatoa kitabu 1940 kule Johannesburg, na 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka chenye mashairi na maelezo. Mwalimu Sikujua alifariki 1890, yani tulikuwa karibu sana na kukosa kila kitu.

Fikiria hiyo miaka 50. Nusu karne watu wanabeba beti za mtu aliyekufa, upande wake umeshindwa, hawalipwi, hawapewi cheti, wanazibeba kwa sababu ni tamu mdomoni na kwa sababu zinasema kitu wanachokihitaji siku hiyo, labda kumpiga kijembe mtu, labda kuomba radhi. Mi siwezi kufikiria ushahidi mkubwa kuliko huo. Mtu akiniambia Muyaka anasifiwa kwa sababu ya maprofesa namwambia hapana, maprofesa walimkuta tayari ameshapita mtihani wake, wao walimwandikia tu notsi.

Ugumu upo, sikatai. Kimvita, yani lahaja ya Mombasa, cha wakati ule si Kiswahili cha darasani, kuna maneno ukiyasoma bila msaada hupati kitu, na watu wa bara tunapata shida zaidi kuliko watu wa pwani. Lakini huo ugumu ni wa masafa tu, unahitaji mtu wa kukushika mkono kwenye beti tano za mwanzo na baada ya hapo sikio linafunguka lenyewe, hasa ukisoma kwa sauti, tafadhali soma kwa sauti, mizani ya Muyaka haijatungwa kwa ajili ya macho.

Al-Inkishafi, utenzi wa zamani wa pwani ya kaskazini, nayo naiweka humohumo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga Pate, mji uliokuwa na utajiri wa kutisha alafu ukafa, na yeye anausemesha moyo wake mwenyewe, anauuliza mbona hujifunzi, huoni hawa waliokuwa na taa na masahani ya kichina na vitanda vya tarabe wako wapi. Kuna pale anaposema

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

yani yale madaka ya ukutani walikokuwa wanapanga vyombo vya thamani, sasa makinda ya ndege ndo yanalala humo. Mistari miwili tu na mji mzima umeshakufa mbele yako. Hakukuelezea jinsi uchumi ulivyoanguka, hakukulilia, kakuonyesha shimo la ukutani na ndege. Mimi sio mtu wa kulia nikisoma lakini utenzi ule unanishika kila mara, na haijalishi unaamini nini kuhusu akhera ambayo inakuja mwishoni kwa ukali mkubwa. Watu wanaosema fasihi ya zamani haina ufundi, ni mawaidha tu, naombeni muanzie hapa, mawaidha yapo tena mengi lakini ufundi umeyatangulia.

Utendi wa Mwana Kupona sasa, hapa ndo nafsi yangu inagawanyika. 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, ni mgonjwa, anamwita binti yake Mwana Hashima akae chini na wino na karatasi. Ule mwanzo

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

sijui kama kuna mwanzo mzuri kuliko huo kwenye tenzi zetu zote. Mama amelala mwaka mzima anaumwa na kinachomsumbua ni kwamba hajapata kumwambia mwanae neno jema. Alafu yanakuja yale mafundisho kuhusu mume, radhi yake ndo pepo yako, akilala usimwamshe, akiamka umhudumie hivi na hivi, na hapo ndo penye ubishi, wengine wanasema huu ni mnyororo umefungwa kwa mashairi, wengine wanasema hamjamwelewa, mama anamfundisha binti jinsi ya kuishi salama kwenye nyumba ambayo nguvu zote ziko kwa mwingine, na kuna kejeli ndani yake. Mi hiyo kejeli siioni sana, niseme ukweli. Nauona upendo na nauona woga wa mama anayejua hatakuwepo. Kwa hiyo kama shairi la mtu anayekufa akimkabidhi mwanae dunia kama yeye alivyoijua, sifa yake ni halali kabisa na wanawake wa Lamu waliolinakili na kulisoma kizazi baada ya kizazi hawakukosea. Ila sifa aliyopewa na watu wengine, wale wanaoutoa kwenye sherehe za harusi kama kanuni ya mke mwema na kuacha ugonjwa na mama na wino na karatasi, hiyo sifa siikubali, wamechukua nusu ya utendi, tena ile nusu ambayo bila nyingine inabaki orodha ya kazi.

Sasa Shaaban Robert. Najua hapa wengine mtakasirika.

Nampenda Shaaban Robert. Mtu amezaliwa 1909 Vibambani, Tanga, amefanya kazi ya ukarani serikalini maisha yake mengi, amehamishwahamishwa, na katikati ya ukarani huo akaandika mashairi, tenzi, insha, riwaya, wasifu, akafariki 1962 akiwa na miaka 53 tu, na baadhi ya vitabu vyake havikutoka mpaka ameshalala kaburini, Kufikirika ilitoka 1967, Utubora Mkulima 1968. Ukisoma zile barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili 2002 chini ya Profesa Mulokozi, unamwona mtu anayehangaika na miswada, na wachapishaji, na pesa, na familia. Alibeba mzigo mkubwa kwa ajili ya lugha hii na hakuna wa kumnyang'anya hilo.

Lakini sifa yake tumeiegemeza mahali pasipo penyewe. Ukimtaja Shaaban Robert mtu anakutajia Kusadikika, Kufikirika, Adili na Nduguze, yani zile hadithi za nchi za angani na wafalme na majini. Haya tuzichukue. Adili na Nduguze mifupa yake imetoka kwenye Alfu Lela u Lela, Adili ana kaka zake wawili wanamtenda ubaya, wanageuzwa manyani, na yeye analazimika kuwapiga kila usiku huku moyo unamuuma, kisa chenyewe kina nguvu. Ila hao kaka wanaitwa Hasidi na Mwivu. Ukishasikia jina umeshamaliza, hakuna kitakachokushtua, Hasidi atahusudu, Mwivu ataona wivu, na Adili atakuwa adili mwanzo mpaka mwisho, hatikisiki hata mara moja. Mwalimu anapenda mhusika wa hivi kwa sababu ni rahisi kumweka ubaoni. Msomaji mzima anataka kumwona Adili usiku mmoja tu anaufurahia ule mjeledi kidogo, alafu anaona aibu. Hapo ndo hadithi ingekuwa kubwa.

Kusadikika ni tofauti, naiheshimu zaidi. Imetoka 1951, Tanganyika iko chini ya Mwingereza, na karani wa serikali anaandika juu ya nchi ambayo mtu anaitwa Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Karama anajitetea kwa kuwasimulia wajumbe sita waliotumwa, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, kila mmoja kaenda kwa taabu, karudi na mawazo ya kuinua nchi, na kila mmoja akaishia kuadhibiwa. Hapo kuna ujasiri mkubwa, na ule mpangilio wa kumfanya mshtakiwa aigeuze mahakama yote kuwa kesi dhidi ya wakubwa wenyewe ni wa mtu mwenye akili ya hali ya juu. Na bado inasomeka leo, sihitaji kusema nchi gani, kila nchi ina Majivuno wake. Lakini kama simulizi inachosha kuanzia kwa mjumbe wa tatu maana unajua kitakachotokea, ataondoka, ataona, atarudi, atafungwa. Ukubwa wake uko kwenye wazo na kwenye lugha, na lugha ile kweli ni ya mfalme, sentensi zimenyooka, zimepimwa, zina heshima. Mi naisoma kwa ajili ya sentensi.

Shaaban Robert ninayemtaka mi yuko kwenye Maisha Yangu, iliyotoka 1949, na kwenye Wasifu wa Siti binti Saad, 1958. Kwenye Maisha Yangu hamna mfalme wala jini, kuna mwanaume amefiwa na mkewe Amina na hajui afanye nini na nyumba yake. Lile shairi la Amina watu wengi wanalijua, mstari wake "mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua" umesomwa kwenye misiba ya watu ambao hawajui hata nani kautunga, na hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko kuingia kwenye mtihani. Kitabu kile kinakuonyesha pia mtu mweusi mwenye elimu na adabu zake anavyoishi chini ya serikali ambayo haimhesabu, anaandika kwa upole uleule lakini upole huo una kidonda ndani. Na humo ndo umo Utenzi wa Hati aliomtungia binti yake, ukiusoma unasikia Mwana Kupona nyuma yake, mzazi anakaa na mtoto wa kike anamkabidhi dunia. Nyuzi hizi ndo zinanifanya niamini kuna kitu kinaitwa fasihi ya Kiswahili, si rundo la vitabu tu.

Na ule wasifu wa Siti. Mtoto wa Fumba, familia ya wafinyanzi, anatoka shamba anakuja mjini Zanzibar hana kitu, anajifunza kuimba, 1928 anapelekwa Bombay kurekodi santuri, anakuwa sauti ya pwani nzima. Wapo waliomtungia beti za kumdharau, kwamba alikuwa mtu lini, ametoka shamba na kaniki mbili, kama si sauti angekula nini, na yeye akajibu kwa wimbo kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert alimwendea, akamsikiliza, akamwandika baada ya kufariki kwake 1950 kama mtu mkubwa, bila kumwonea huruma na bila kumficha asili yake. Mwandishi mwanaume, Mwislamu, mwenye heshima zake, miaka ya 50, anaandika kitabu kizima cha heshima juu ya mwanamke mwimbaji wa taarabu aliyetoka kwenye umaskini! Sielewi kwanini watoto wetu wanapewa Adili wananyimwa Siti. Kama ningeulizwa nini kinafaa kubaki kwa miaka mingine 100 ningeanza na hivi viwili, na zile "Shakespeare wa Afrika" wanazomwita ziwekwe pembeni, hazimsaidii, zinamfanya aonekane kivuli cha mtu wakati alikuwa mtu kamili wa Tanga.

Kezilahabi kapita njia nyingine kabisa. Rosa Mistika ilitoka 1971, mwandishi kijana wa Ukerewe, na ikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu inaongelea ngono na mimba na walimu na wakubwa wanaoharibu wasichana. Baadaye milango ikafunguliwa ikaanza kufundishwa. Yani hiki ni kitabu ambacho shule ilikikataa kwanza na wasomaji wakakitafuta wenyewe. Na ukikisoma unajua kwanini. Zakaria, baba mlevi, anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, anamfungia dunia yote ya wanaume nje, alafu binti akitoka nyumbani hajui kitu, hana ngao yoyote, na kila kinachofuata kinatoka kwenye ile fimbo. Hapo ndo tofauti yake na Adili, hakuna anayeitwa Mwovu, Zakaria mwenyewe unamchukia na unamwonea huruma. Miaka zaidi ya 50 imepita na wazazi wa namna ile nawajua, na mabinti wa namna ile nawajua. Kitabu kina mapungufu, ile sehemu ya mwisho ya mahakama ya mbinguni wengine wanaona imebandikwa, mi inanipa shida pia. Lakini kimesimama.

Alafu kuna Kichomi, 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo, yani wale wanaosema bila vina na mizani si shairi, wakawaka moto, ikawa ugomvi wa miaka kuhusu nini ni shairi na nini si shairi. Mi niko upande wa Kezilahabi bila kumtupa Muyaka na sioni shida yoyote hapo, maana Kezilahabi naye anasikika, ukimsoma kwa sauti kuna mapigo, hayahesabiki tu kwa vidole.

Riwaya zake Nagona na Mzingile ndo zinanipa kazi. Watu wengi wanazitaja kwa heshima na ni wachache sana wanaozimaliza. Kwa kipimo changu cha kubebwa na watu zingeanguka, maana nani anazibeba zaidi ya vyuo vikuu? Lakini siwezi kuziangusha. Nimezisoma na kuna kurasa sikuelewa chochote, na kuna kurasa nimeona Kiswahili kinafanya kitu sijawahi kukiona kikifanya, kinafikiri juu ya kifo na ukweli na Mungu bila kukopa mguu wa lugha nyingine. Labda kipimo changu kinafaa kwa kazi zilizokwisha kupita vizazi viwili vitatu, na hizi bado changa. Kezilahabi amefariki Januari 2020 tu. Nawaachia wajukuu.

Ila kuna kundi lingine nataka kulitetea, wale waliobebwa na watu alafu wasomi wakawapita. Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, kwenye Kufa na Kupona, 1974, watu wazima wa leo waliokuwa vijana wakati ule watakwambia walivyokuwa wanaazimana mpaka jalada linatoka, na ndani ya zile mbio na risasi kuna habari ya ukombozi wa kusini mwa Afrika iliyowafikia watu kuliko hotuba nyingi. Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Kabla yao kule Zanzibar Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko, Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 50 ikachapishwa 1960, na mpaka leo ile Zanzibar ya mazungumzo, utani, ukoo na siri za mirathi hakuna aliyeiandika kwa raha kama yeye. Miaka mingi hawa waliitwa fasihi pendwa kwa namna ya kuwashusha cheo, wakati wao ndo walionunuliwa kwa hela ya mfukoni, mtu anaacha soda ananunua Musiba. Kama Muyaka alistahili kwa kubebwa bila kulazimishwa, basi na hawa kesi yao isikilizwe, sisemi wote wako sawa, Musiba ana kurasa za haraka haraka nyingi tu, lakini Abdulla namweka juu bila kusita.

Na ombi moja kwa wanaochapisha, hizi kazi zipatikane. Unaingia duka kubwa la vitabu unakuta rafu nzima ya vitabu vya kiada na miongozo ya kuchambua vitabu kuliko vitabu vyenyewe, Muyaka wa Abdulaziz unamtafuta kama dawa, Wasifu wa Siti nao ukiupata ushukuru. Kitu ambacho hakipatikani hatuwezi kubishana kama kinastahili sifa, tunabishana kuhusu kumbukumbu ya notsi. Muyaka atolewe upya, beti upande mmoja na maelezo ya maneno upande wa pili, bei ya kawaida, na uwepo na wa kusikiliza kabisa, msomaji mzuri wa Mombasa arekodiwe.

Kwa anayetaka kuanza leo na hajui aanzie wapi, aanze na Maisha Yangu ya Shaaban Robert, ni fupi na haihitaji mwalimu. Akimaliza achukue Rosa Mistika, alafu Mzimu wa Watu wa Kale apumzike kidogo, ndo aende Al-Inkishafi polepole ubeti mmoja mmoja. Kusadikika aisome baadaye akiwa hana mtihani.